Kufyeka na Kutunza Nyasi Katika Mashamba ya Matunda Yaliyo Kwenye Mteremko, Dodoma na Kanda ya Kati

Mkulima wa kanda ya kati aliyeotesha miembe, mipera, mikomamanga au milimao kwenye kilima chenye mawe huambiwa na karibu kila apitaye kwamba shamba lake ni chafu, kwa sababu tu lina nyasi. Maneno hayo yana nafasi yake kwenye shamba la mtama au la alizeti lililo tambarare. Kwenye mteremko yana hasara kubwa, kwa kuwa mwenye shamba akiyasikiliza atachukua jembe, atakwangua ardhi mpaka ibaki nyekundu tupu, na mvua ya kwanza kubwa itaondoka na udongo wa juu pamoja na samadi aliyoitia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziacha nyasi zikae shambani mwaka mzima bila kuziruhusu zinyang'anye miti maji, zizalishe magugu, zifiche nyoka au zibebe moto. Kazi yenyewe ni kufyeka badala ya kulima, na kufyeka kwa wakati unaofaa.

Kwa nini nyasi ziachwe

Mvua ya Dodoma kwa wastani ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Haiji kidogo kidogo. Sehemu kubwa ya mvua hiyo huja kwa vishindo vichache, mara nyingi alasiri, halafu jua hurudi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 20 humwaga lita 1,000 kwenye eneo la mita za mraba 50 lililo juu ya mwembe mmoja. Udongo mwekundu wa kichanga wa vilima vyetu ukiwa wazi hupigwa na matone, hufunga ukoko mgumu juu, na sehemu kubwa ya maji hayo huteremka korongoni kabla mti haujaonja. Penye nyasi, matone huvunjwa nguvu na majani, mashina hupunguza mwendo wa maji, na vinjia vilivyoachwa na mizizi huyapeleka chini.

Anayetaka kuona ardhi iliyopoteza nyasi zake huishia wapi aende Kondoa akayatazame makorongo yake. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka zaidi la wilaya hiyo ili uoto urudi. Uoto ulirudi kwenye vilima vilivyokuwa vitupu. Mkulima mwenye ekari moja au mbili za miembe hahitaji hatua nzito kama ile, lakini kanuni iliyofanya kazi pale ndiyo hiyo hiyo anayoihitaji: mteremko usikae wazi.

Hata hivyo nyasi nazo hunywa. Mche wa mwembe wa mwaka wa kwanza au wa pili una mizizi yake katika tabaka lile lile la udongo ambamo nyasi zimejazana, na katika mashindano hayo nyasi hushinda. Kwa sababu hiyo kuziacha nyasi si kuzitelekeza. Kinachotakiwa ni nyasi fupi, zilizo hai, zilizo mbali na shina, na zinazokatwa kabla hazijatoa mbegu mahali ambapo mbegu hazitakiwi.

Kulijua shamba kabla ya kulifyeka

Tembea shamba lote mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na ardhi ikionekana. Weka mti mrefu au fito yenye kitambaa penye kila kisiki, jiwe kubwa lililojificha, shimo la mhanga na kichuguu. Nyasi zikishafika kiunoni, vitu hivyo havitaonekana tena, na ndivyo vinavyovunja makali ya fyekeo na kutegua vifundo vya miguu ya watu. Mawe madogo yanayoweza kubebwa yaokotwe na kupangwa kwa mstari unaokata mteremko, ambapo yatasaidia kushika udongo. Yakiachwa yametawanyika, mashine ya kufyekea itayarusha.

Mistari hiyo isipangwe kwa kukadiria kwa macho, kwa maana jicho hudanganyika sana kwenye kilima. Tumia fremu A, ambayo kila fundi wa kijijini anaweza kuitengeneza: miti miwili iliyonyooka ya mita 2 iliyofungwa pamoja juu, mti mwingine mfupi wa kuziunganisha katikati, na uzi wenye jiwe unaoning'inia kutoka juu. Kuipima, isimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama uzi unapogusa mti wa katikati, kisha igeuze miguu ibadilishane vigingi na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Ukiwa na alama hiyo unaweza kutembeza fremu shamba zima, mguu mmoja baada ya mwingine, na kupigilia vigingi vya kontua, yaani mstari unaokata mteremko ukiwa kwenye usawa mmoja. Vigingi hivyo vitakuongoza katika kuchimba matuta, na pia vitawaonyesha wafyekaji waelekee wapi.

Nyasi za kubaki na nyasi za kuondoka

Nyasi zinazofaa kwenye mteremko wa eneo kavu ni zile za kudumu, zenye mizizi mingi na zinazochipua tena zikikatwa. Ukoka hutambaa na kushika udongo vizuri kwenye njia na kingo za matuta, ila usiuruhusu ukaribie mche mchanga, kwani kuung'oa baadaye ni kazi ya mwaka mzima. Nyasi aina ya Cenchrus ciliaris, ambazo wataalamu wa malisho wa Kongwa na Mpwapwa wamezishughulikia kwa miaka mingi, huvumilia ukame na kuliwa vizuri na ng'ombe. Nyasi aina ya Chloris gayana hufaa kwa hei, yaani nyasi za kukaushwa na kuwekwa akiba ya mifugo, palipo na unyevu kidogo zaidi, kwa mfano chini ya mteremko. Kwenye ukingo wa tuta, vetiva ndiyo yenye mizizi mirefu inayokwenda chini badala ya pembeni.

Mimea jamii ya kunde iliyojiotea katikati ya nyasi iachwe. Mahali ambapo haipo, fiwi inaweza kupandwa mwanzoni mwa mvua katikati ya safu za miti. Inafunika ardhi, inarutubisha udongo, na majani yake ni chakula cha mifugo. Isipandwe tu mahali inapoweza kupanda juu ya miche.

Yanayotakiwa kuondoka ni mbigili, kishona nguo, ndago na vichaka vya miiba. Haya hayafyekwi, yanang'olewa kwa mkono au kwa jembe dogo udongo ukiwa umelowa, kabla hayajatoa maua. Mbigili iliyokwisha kutoa miba ikifyekwa itasambazwa shamba zima na viatu vya wafyekaji wenyewe. Dawa za kuua magugu zina watu wanaozipenda kwa sababu ya wepesi wake. Maoni yangu ni kwamba kunyunyizia mteremko mzima ni kukwangua kwa njia nyingine, kwani mizizi ikishakufa hakuna kinachoshika udongo, na ukungu wa dawa ukigusa majani ya mche au gome lake lililo bado kijani unaudhuru. Kama ni lazima, dawa ipakwe kwenye gugu moja moja.

Majira ya kufyeka

Mvua za kwanza zikianguka, usiguse nyasi. Wakati huo zinachipua kwa akiba iliyo kwenye mizizi, na mashina ya mwaka uliopita ndiyo pekee yanayozuia maji ya mwanzo, ambayo huwa mabaya kuliko yote kwa kuwa huikuta ardhi imekauka na kupondeka. Muda huo utumike kupalilia mviringo wa kila mti na kung'oa magugu yaliyotajwa hapo juu.

Mfyeko wa kwanza hufanyika nyasi zinapofika magotini, kwa kawaida ndani ya mwezi wa Januari. Zikatwe zibaki na urefu wa sentimita 10 hivi, ambao ni upana wa kiganja pamoja na kidole gumba. Watu wengi hukata chini ya hapo wakidhani wanajipunguzia kazi ya mfyeko unaofuata. Matokeo yake ni kwamba nyasi nzuri za kudumu hudhoofika, udongo huonekana, na nafasi hiyo huchukuliwa na magugu ya msimu ambayo huota upesi zaidi.

Katikati ya msimu, mara nyingi Februari, mvua husimama kwa wiki moja, mbili au zaidi. Hapa ndipo ufyekaji unapookoa miti. Maji mengi hutoka ardhini kupitia majani, hivyo nyasi ndefu zikipunguzwa mapema, kabla hazijaanza kunyauka, unyevu uliobaki utadumu kwa siku kadhaa zaidi kwenye mizizi ya miti. Ukingoja mpaka nyasi zijikunje kwa jua, maji yamekwisha kunywewa na kufyeka hakutayarudisha. Mkulima anayetazama mawingu tu atachelewa. Atazame majani ya nyasi saa nne asubuhi, na akiona yameanza kujikunja saa hiyo ambayo jua bado si kali, aanze kazi siku hiyo hiyo.

Usifyeke shamba lote kwa wakati mmoja. Fyeka ukanda mmoja kati ya safu za miti, ruka unaofuata, kisha urudi kuufyeka baada ya wiki mbili hivi, pale wa kwanza ulipokwisha kuchipua. Kwa mpango huo hakuna mvua itakayoukuta mteremko wote ukiwa mfupi, na ukanda ulioachwa hupunguza mwendo wa maji yanayotoka juu. Tena maua ya mwituni yaliyo humo huwapa nyuki chakula. Wakulima wa Manyoni na sehemu nyingine za Singida wenye mizinga karibu na miti wanafahamu faida hii, na wanafahamu pia kwamba mlio wa mashine huwakasirisha nyuki. Karibu na mizinga tumia mundu, asubuhi mapema au jioni.

Mfyeko mkubwa wa mwisho ni wa mwishoni mwa Machi au Aprili, nao ndio wa hei. Baada ya hapo nyasi hazitachipua tena kwa nguvu mpaka mvua zirudi, kwa hiyo urefu utakaouacha ndio utakaoikinga ardhi dhidi ya upepo wa kiangazi na dhidi ya mvua za Desemba. Acha sentimita 15 penye mteremko mkali.

Zana na namna ya kuzitumia kilimani

Fyekeo bado ndicho chombo bora kwa shamba dogo lenye mawe. Linalofaa lina mpini unaojaa mkononi, bati lisilopinda ovyo likipigwa, na makali pande zote mbili. Linolewe kwa tupa kabla ya kuanza kazi na kila linapopungua makali, kwa kuvuta tupa kuelekea upande mmoja tu, kutoka shina la makali hadi ncha, pande zote mbili kwa idadi sawa. Fyekeo butu huonekana kwenye nyasi zenyewe: ncha iliyokatwa huchanika nyuzinyuzi na kuwa ya kahawia baada ya siku moja, na mashina mengi hulala badala ya kukatika, kisha husimama tena kesho yake. Kwenye mawe mengi tumia mundu, ukishika kishungi cha nyasi kwa mkono wenye glovu na kukivutia kwako.

Fuata kontua. Anayetumia mkono wa kulia atembee akiwa na upande wa juu wa kilima kuliani kwake, apige kutoka kulia kwenda kushoto, nyasi ziangukie upande wa chini. Mwenye shoto afanye kinyume chake. Kazi ianzie ukanda wa chini kabisa na kupanda, kwa kuwa kwa njia hiyo nyasi zilizokatwa huangukia eneo ambalo tayari limefyekwa na hazifuniki zile zinazongoja kukatwa. Hakuna mtu anayepaswa kufanya kazi moja kwa moja chini ya mwingine. Umbali kati ya mfyekaji na mwenzake usipungue mita 5, maana fyekeo likichomoka mkononi kilimani haliishii miguuni pa aliyelishika.

Kifutu hupenda kulala kwenye nyasi ndefu na haondoki upesi anaposikia watu. Kabla ya kuingia kwenye ukanda uliokaa muda mrefu bila kufyekwa, pitisha fimbo ndefu, vaa buti za mpira zinazofika chini ya goti, na usiingize mkono chini ya jiwe au kwenye kishungi usichoona kilicho ndani yake.

Mashine ya kufyekea ya kubeba begani hurahisisha kazi kwenye shamba la ekari kadhaa. Kwenye mteremko wenye mawe itumie kwa tahadhari kubwa. Mtumiaji avae miwani ya kinga au kioo cha uso, kinga ya masikio, suruali nzito na buti, na watu wengine wote, watoto wakiwamo, wakae umbali wa mita 15 au zaidi. Kisu cha chuma kikigonga jiwe hukirudisha chombo kwa ghafla upande wa mwendeshaji, kwa hiyo penye mawe ni afadhali uzi wa nailoni, hata kama kazi itakwenda polepole. Mafuta yachanganywe kwa uwiano ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine hiyo, mashine izimwe kabla ya kuongeza mafuta, na isiongezwe mafuta juu ya nyasi kavu. Zile mashine za kusukuma zenye magurudumu hazifai kwenye ardhi yenye mashimo; panapowezekana kuzitumia, zisukumwe kwa kufuata kontua. Trekta lenye kifyekeo lisipite kabisa kwa ubavu kwenye mteremko mkali. Trekta hupinduka kwa tairi moja tu kuingia shimoni au kupanda jiwe, na dereva hapati nafasi ya pili.

Mviringo wa shina

Hapa ndipo miti mingi inapouawa na watu wanaoipenda. Chuchumaa kando ya mwembe mchanga uliofyekewa na mtu mwenye haraka, ondoa vumbi kwenye shina sentimita chache juu ya ardhi, na utaona alama: mkato mfupi wa fyekeo uliofungua gome mpaka mti mweupe wa ndani, au mkanda uliochunwa na uzi wa nailoni, ambao juu yake baada ya siku kadhaa hutoka gundi ya kahawia. Chakula kinachotengenezwa na majani huteremka kwenda mizizini kupitia gome. Gome likikatwa kuuzunguka mti wote, mizizi hukosa chakula na mti hufa, hata kama majani yataendelea kuwa ya kijani kwa majuma mengi na kumfanya mwenye shamba alaumu ukame.

Dawa yake ni mviringo usioingiwa na fyekeo wala mashine. Kwa mche wa hadi miaka mitatu, palilia kwa mkono eneo la mita 1 kutoka kwenye shina kila upande. Kwa mti mkubwa, nyasi ziwe fupi sana au zisiwepo kabisa chini ya eneo linalofunikwa na kivuli chake saa sita mchana. Palilia juu juu, kwa kuwa mizizi inayotafuta chakula iko karibu na uso wa ardhi. Upande wa chini wa mti wachia ukingo wa nyasi urefu wa kiganja. Ukingo huo ndio unaoshika udongo usihame na kuacha mizizi nje.

Ndani ya mviringo weka matandazo ya nyasi zilizofyekwa ambazo hazijatoa mbegu, unene wa sentimita 10, yakianzia sentimita 20 kutoka kwenye shina. Nafasi hiyo ya wazi ni kwa ajili ya mchwa. Katika nchi kavu kama hii mchwa hufuata majani makavu, na matandazo yakigusa gome watapanda humo humo. Kila baada ya wiki chache yafunue kwa mkono: ukiona vijia vya udongo laini vilivyojengwa juu ya shina, vikwangue kwa kijiti, yasogeze matandazo mbali zaidi na utazame kama gome chini yake bado ni gumu. Upepo wa Dodoma hupeperusha majani makavu, hivyo yalaze kwa kukata mteremko na uyakandamize kwa mawe, ambayo kwa bahati hatuyakosi. Matandazo yakianza kuoza huchukua nitrojeni ya udongo kwa muda, kwa hiyo tandaza samadi iliyoiva chini yake kwanza.

Matuta na mikusanyo ya maji

Nyasi peke yake hutosha kwenye mteremko wa wastani. Penye mwinuko zaidi ziongezewe matuta, na nyasi ndizo zinazoyafanya matuta hayo yadumu. Fanya juu, yaani mtaro unaochimbwa kwenye kontua na udongo wake kurushwa upande wa juu, hufaa kati ya safu za miti yenye nafasi. Kwa mti mmoja mmoja, tuta la nusu mwezi ni jepesi zaidi: mdomo wake unatazama juu ya mteremko na mgongo wake uko chini ya mti, ili maji yanayoteremka yanaswe na kuzama hapo. Ncha zote mbili ziwe kwenye usawa mmoja. Kama moja iko chini, maji yote yatatokea hapo na kuanzisha mfereji.

Nyasi za juu ya tuta zisikatwe chini ya sentimita 15, wala zisilishwe mifugo. Baada ya kila mvua kubwa, pita na jembe, ziba mahali palipopasuka kabla hapajawa pakubwa, na utoe mchanga uliojaa mtaroni kuurudisha juu. Mfereji mdogo ulioanza kuchimbika uzibwe kwa mawe na matawi yaliyolazwa kwa kuukata, na nyasi zilizo hapo zisiguswe na fyekeo mwaka huo. Visiki vya miti ya asili vinavyochipua kwenye kingo na mpakani vibakie. Vichaguliwe vichipukizi vichache vilivyo imara na vingine vipogolewe, kama wafanyavyo wanaofuata njia ya Kisiki Hai, na baada ya miaka michache vitakuwa ukuta wa kuzuia upepo.

Hei, mifugo na matunda yaliyoanguka

Nyasi za hei hukatwa zinapoanza kuchanua, kwa sababu baada ya hapo mashina huwa magumu na virutubisho hupungua. Kata asubuhi umande ukishakauka, zitandaze, zigeuze mara moja au mbili kwa siku, na kwa jua la Aprili zitakuwa tayari baada ya siku mbili au tatu. Zikiwa tayari, kishungi kikisokotwa huvunjika bila kutoa unyevu. Sanduku la mbao lisilo na kitako lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45 hutoa robota la kilo 20 hivi linalofungwa kwa kamba. Usichukue nyasi zote. Zilizofyekwa Januari na Februari zirudishwe kwenye miti, na za mfyeko wa mwisho ziende kwa mifugo, kisha samadi irudi shambani. Vinginevyo mteremko utachoka.

Kuwafungia ng'ombe bandani na kuwapelekea nyasi ni bora kuliko kuwaingiza shambani, kwani kwato kwenye udongo uliolowa hubomoa matuta. Kondoo wanaweza kuruhusiwa kwa muda mfupi wakati wa kiangazi chini ya miti mikubwa, chini ya uangalizi. Mbuzi hapana: humenya magome na kusimama kwa miguu miwili kula vichipukizi.

Kuanzia matunda yanapokaribia kuiva, nyasi chini ya miti ziwe fupi kiasi cha kuona kila embe lililoanguka. Funza wa nzi wa matunda hutoka kwenye tunda lililooza na kuingia udongoni, na nzi wapya hutokea hapo. Okota matunda hayo angalau mara mbili kwa wiki, yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki juani kwa siku kadhaa, au yafukie kwenye shimo la sentimita 60 au zaidi. Kuyatupa korongoni ni kuwahamishia nzi hao kwa jirani, nao watarudi.

Moto

Kuanzia Juni nyasi zilizosimama ni kuni. Moto hupanda kilima kwa kasi kuliko unavyoteremka, na pepo za kiangazi hapa huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo kinga ya moto iwe pana zaidi upande wa chini wa shamba na upande huo wa upepo. Upana wa mita 4 ni wa chini kabisa. Kwenye pande hizo mbili mita 6 au zaidi. Ugumu uliopo ni kwamba kinga iliyokwanguliwa kwa jembe kutoka juu hadi chini ya mteremko itageuka korongo mvua zikija. Sehemu inayofuata kontua inaweza kukwanguliwa. Inayopanda na kushuka ifyekwe fupi kadiri inavyowezekana, nyasi zote zilizokatwa zikusanywe kwa reki na kuondolewa, na mizizi iachwe ardhini. Marobota ya hei yasihifadhiwe chini ya miti.

Mapatano na vibarua

Kazi ya kufyeka mara nyingi hutolewa kwa kipande. Kwenye tambarare hakuna ubaya, lakini kilimani malipo ya kipande humfanya mtu akimbilie jembe au akate chini sana ili amalize mapema, na mashina ya miti ndiyo yanayolipia haraka hiyo. Ni bora kulipa kwa siku, kuwaonyesha vibarua ukanda mmoja uliofyekwa kama unavyotaka wewe, kuwakatia kijiti cha sentimita 10 cha kupimia, na kupalilia mviringo wa miti kabla hawajafika ili wasiwe na sababu ya kuukaribia. Kama desturi ya mahali ni kipande na haibadiliki, patana kwamba sehemu ya malipo itatolewa baada ya kukagua mashina, mti mmoja baada ya mwingine, mkiwa pamoja.